Ushuhuda wa Fundi Geti

Mtaani walimwita Fundi Geti, maana nusu ya mageti ya pale aliyachomelea yeye. Kanisani walimwita Mzee Ushuhuda, na jina hilo alilipenda zaidi. Kila Jumapili, mchungaji akiuliza nani ana neno, fundi alikuwa ameshasimama, koti limefungwa vifungo vyote.

"Bwana asifiwe! Mke wangu huyu alikuwa na uvimbe kwenye titi. Mimi nikafunga. Mimi nikapiga magoti mpaka yakachubuka. Nikamwambia Mungu, si unanijua mimi!"

Mungu alitajwa mwanzoni na mwishoni, kama mgeni rasmi. Katikati kote alijaa fundi mwenyewe. Daktari aliyeutoa ule uvimbe hakuambulia hata neno moja. Mkewe aliketi kando yake kichwa kimeinama, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Watu nao, kwa kudhani hawajambo.

Asubuhi moja fundi alirudi nyumbani kufuata miwani yake ya kuchomelea. Alimkuta mkewe chumbani, kifua wazi, akijifunga kitambaa. Uvimbe mwingine aliouona pale kwapani ulimkata maini.

"Tangu lini, mama watoto?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana! Na kliniki je?"

"Niliacha kwenda. Pale mapokezi si anakaa yule mama wa kwaya? Angeniona." Akakaza fundo bila haraka. "Ungesimamaje tena kanisani, baba? Wangekucheka."

Fundi akakaa kitandani na miwani mkononi, akaona aibu ambayo hakuwahi kuijua maishani mwake.

Hospitalini aliwapokea daktari yule yule. Alipapasa, akaagiza picha, akaitazama.

"Mngewahi, mzee wangu," alisema taratibu. "Sasa ugonjwa umefika mapafuni. Nitampa dawa za kutuliza maumivu."

Nyumbani fundi alipiga magoti. Kila akianza kuomba, neno la kwanza kumtoka lilikuwa "mimi", naye akaishia hapo hapo.

Jumapili mkewe alishikilia kwamba waende ibadani. Mchungaji akauliza nani ana neno, na watu wakamgeukia fundi kwa mazoea. Mkewe akamvuta koti.

"Kaa tu, baba. Waache wafurahi."

Hakukaa.

"Mke wangu hajapona," alisema. "Aliumwa akaficha, nisije nikaumbuka mbele yenu. Yale magoti yangu niliyokuwa nawaringia hayakuwa kitu. Wa kujivunia ni Mungu peke yake, na leo hata sijui nimwambie nini."

Akaketi. Watu wakasubiri amalizie. Mtu mmoja nyuma akaitika "Amina", akajishtukia. Fundi alipogeuka, mkewe alikuwa ameinua kichwa, anamtazama.

Jumapili iliyofuata mkewe hakuweza tena kutoka kitandani.