Lubugo la Bibi

Juma lililopita walikuja kwangu vijana wa kikundi cha ngoma, hapa hapa Bakoba, mtaa wa mji wa Bukoba, wakaniomba niwashonee mavazi ya kale. Walikuwa wamesikia kwamba mimi ni mmoja wa wachache waliobaki wanaojua kushona lubugo, ile nguo ya gome la mti waliyoivaa wazee wetu kabla ya bafta na khaki. Walileta furushi la kitambaa cha kahawia kutoka dukani, kimechapwa mistari ili kifanane na gome, pamoja na kopo la gundi. Nikauliza gundi ni ya nini. Wakasema ni ya viraka, ili kazi iende haraka. Sikuwakasirikia, ni watoto wazuri na waliniamkia kwa adabu. Niliwapa chai, nikawaambia macho yangu hayafai tena, wakaaga. Lakini walipoondoka sikuweza kufanya kazi nyingine siku ile. Nilikaa barazani nikimkumbuka bibi yangu wa Buganguzi, nikaona afadhali nikusimulie wewe, maana wanangu wamekwisha kuisikia habari hii na hawapendi niirudie.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Baba alikuwa amechukuliwa vitani na hakurudi. Ililetwa habari tu kwamba amefia mbali, basi. Mama na mimi tukabaki kwa mama yake baba, katika kibanja chake cha migomba na kahawa. Lakini mwenye amri juu ya kibanja alikuwa baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, ambaye alikuwa karani bomani Bukoba. Alikuja mara chache kwa lori, amevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, akazunguka kukagua kahawa, akala, akarudi mjini. Mama alimpigia magoti na kumwandalia maji ya kunawa. Kila mara kabla ya kuondoka alitukumbusha kwamba anaturuhusu kukaa. Neno hilo alilipenda sana, na mama alilijibu kwa kushukuru.

Hata hivyo yalikuwa maisha matamu, nisikudanganye. Asubuhi tulimenya ndizi tukiwa tumekaa kwenye majani makavu, mikono ikawa myeusi kwa utomvu. Nyumba ilinuka moshi na kahawa iliyokuwa ikichemka na maganda yake. Msimu wa senene tulishinda tukinyofoa mabawa na miguu, na hata mbwa walinenepa. Kazi zilipokwisha, jua likianza kulainika, bibi alitoa sindano yake nene iliyofuliwa na mhunzi, akakaa mlangoni, akaniita.

Alinifundisha kushona kwenye vipande vibovu vya gome. Uzi wetu ulitoka kwenye majani ya mwale, ule mti unaoota kwenye majimaji. Tuliuchambua, tukausokota juu ya paja na kuulainisha kwa mate. Mshono wa kwanza ulikuwa bandi, ule wa kupitisha sindano juu na chini kwa hatua ndefu. Bibi hakuuheshimu. Alisema bandi ni kama kumsalimia mtu njiani, si kuishi naye. Wa pili ulikuwa wa kurudi: sindano inakwenda mbele, inarudi nyuma nusu ya hatua, halafu inakwenda mbele tena. Huo ndio uliounganisha vipande viwili visiachane. Wa tatu ulikuwa wa kuzungusha ukingo, na huo nililia nao. Gome huwa na matundu pale palipokuwa na matawi, na kila tundu huzibwa kwa kiraka kilichokatwa kama jani. Nikimaliza kiraka, bibi alifumba macho akapitisha kidole juu yake. Kidole kikikwama, alifumua kazi yote na kunirudishia sindano.

Nguo aliyoishona mwenyewe ilikuwa moja tu. Babu, kabla hajafa, aliuchuna mtoma, ule mti wa kutolea lubugo, uliokuwa nyuma ya nyumba, akaligonga gome lake kwa nyundo ya mti mpaka likawa laini na pana, akapata malubugo mawili. Moja tulimzikia. La pili lilikuwa la bibi. Kwa miaka yote aliyokuwa mjane alilishona taratibu, akiziba matundu na kuimarisha ukingo, na kila baada ya mvua alilianika uani likapata rangi kama ya udongo wa barabarani. Sote tulijua ni la nini. Hakulionea huzuni. Alilizungumzia kama mtu anayezungumzia kitanda alichokwisha kukitandika.

Siku moja baba mkubwa alikuja na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na mkewe, waliokuwa wakizungukia vijiji. Tulichinja kuku. Mke wa Bwana Shauri, memsabu, hakula. Alikwenda moja kwa moja uani, akainama juu ya lubugo lililoanikwa, akaanza kuipapasa mishono. Aliliinua, akalitazama upande wa nyuma, akamwita mumewe aje kuona. Baba mkubwa akasogea kwa bibi.

"Mama, amelipenda."

"Mwambie ahsante."

"Hujanielewa. Amelipenda. Mpe."

Bibi alimtazama kama mtu aliyesemeshwa lugha ngeni. "Hiyo ndiyo nguo nitakayolala nayo. Wewe unajua."

Baba mkubwa aliwageukia wageni, akasema maneno mengi ya Kiingereza huku akitabasamu. Memsabu akashika kifua kwa furaha, akamwinamia bibi, akalikunja lubugo na kulikumbatia. Mama alikuwa amesoma kidogo kwa wamisionari. Baadaye, tukichuma kahawa, aliniambia baba mkubwa alisema nini: kwamba mama yake anaona fahari kulitoa zawadi, na kwamba alilishona akimngoja mgeni kama yeye.

Wageni walituachia kopo la biskuti. Walipokwenda kwenye gari, bibi alimshika mwanawe mkono.

"Kaniombee anirudishie."

"Mama, unataka nifukuzwe kazi? Nitakununulia bafta nzuri, nyeupe. Watu waseme mama wa karani amezikwa na gome la mti?"

"Baba yako alizikwa na nini?"

"Baba alikuwa mtu wa zamani."

"Na mimi ni mtu wa lini?" bibi akamwuliza.

 Baba mkubwa alijinasua mkono, akaenda kupanda gari.

Bibi alikaa hivyo mpaka kahawa ilipokwisha kuchumwa. Kisha asubuhi moja alijifunga kanga yake safi, akaniambia tunakwenda Bukoba, nikamsemee Kiswahili. Tulipanda lori la kahawa, tumekaa juu ya magunia, na njia nzima alishika kamba kwa mikono miwili akitazama mbele. Mjini tuliuliza nyumba ya Bwana Shauri, tukaelekezwa kule karibu na ziwa. Hatukuthubutu kupita mbele. Tulizunguka mpaka jikoni, tukamkuta mpishi, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, amevaa kanzu na kofia. Nilimweleza shida yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

"Bibi yangu," akamwambia, "bora mngerudi nyumbani. Nisikilizeni."

Lakini memsabu alikuwa amekwisha kutuona. Alimtambua bibi, akafurahi kwelikweli, akamshika mkono kumwingiza ndani. "Mama, kuja. Kuja ona."

Ndani kulikuwa na viti virefu vya kuegemea, na juu ya kila kiti mto mdogo. Mito ile ilikuwa lubugo la bibi. Lilikuwa limekatwa miraba, likapindwa vizuri na kutiwa vifungo. Juu ya meza kulikuwa na vipande vingine vya duara vya kuwekea vikombe. Kiraka kimoja cha umbo la jani, nilichokuwa nimemwona bibi akikishona, kilikatwa katikati.

"Mzuri?" memsabu akauliza. "Wewe fundisha mimi shona kama hii?"

Bibi alichukua mto mmoja, akaugeuza, akatazama mshono wa memsabu karibu na dirisha, penye mwanga. Nilidhani atalia, au atautupa chini. Aliurudisha kitini, akaniambia kwa Kihaya, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwulize kama mabaki yapo."

Mpishi, aliyekuwa ametufuata ndani, ndiye aliyeuliza. Memsabu akaleta kikapu cha vitambaa vyake, akachambua humo vipande vyembamba vya kingo, akampa bibi vyote kwa ukarimu. Alidhani tumekuja kuomba vitambaa. Mpishi alitusindikiza mpaka barabarani, akatupatia mkate, akatuonyesha nyumba yake, huku Bakoba, akasema tukikwama mjini siku yoyote tusilale nje.

Bibi hakuvishona vile vipande. Alivifunga kwenye pindo la kanga, akaviweka chini ya mto wake, na tangu siku hiyo hakuniita mlangoni tena. Alikula kidogo, akaongea kidogo. Mvua za masika zilipoanza alikohoa, na kabla hazijakatika alifariki.

Baba mkubwa alileta bafta kama alivyoahidi. Alikuja na mwalimu wa kanisa na makarani wenzake, wakakaa nje chini ya turubai, na mama akaambiwa aishone sanda upesi. Tulikuwa ndani sisi wawili tu, pamoja na bibi. Mama alikunja bafta ikawa mapande mawili, kisha akaenda kutoa vile vipande chini ya mto.  Yeye alivipanga kati ya mapande, kuanzia mabegani mpaka magotini, na mimi nikavishikiza. Vipande havikutosha, mahali pengi palibaki wazi. Nilishona kwa ule mshono wa kurudi, na watu waliita kutoka nje kuuliza mbona tunachelewa.

Walipomwinua bibi, baba mkubwa alishika upande wa mabega. Niliuona mkono wake ukisimama. Alibonyeza, akahisi ugumu wa gome ndani ya bafta, akamtazama mama. Watu walikuwa wengi na mwalimu alikuwa amekwisha kuanza kusoma, kwa hiyo alinyamaza. Tulimzika.

Matanga yalipoondolewa alituita uani. "Shemeji," akamwambia mama, "umenidharau mbele ya mwili wa mama yangu. Hapa si kwako tena."

"Nimekosa nini?" mama akauliza, ili amsikie akilitaja lile gome.

Hakulitaja. Alisema lori linapita kesho. Mama hakupiga magoti siku ile. Tulifunga vyombo vyetu, tukashuka Bukoba, na kwa kuwa hatukumjua mtu mwingine, tukaenda kwa yule mpishi. Yeye na mkewe walitupa chumba, nasi Wakristo tukaishi kwa Waislamu wale miaka mingi, wakitulisha mwezi wa Ramadhani kama watoto wao. Mama alipata kazi ya kutia vifungo na kupinda mapindo kwa mafundi wanaume waliokaa na vyerehani kwenye baraza za maduka. Alizeeka akiifanya. Nilimwuliza mara moja tu kama ilifaa, vile vitambaa vichache kwa kibanja kizima. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Na ungekuwa wewe?" akaendelea kushona.

Sasa hata mitoma yenyewe huioni. Walioijua kazi ya kugonga gome wamekwisha, na nyundo zao zimekuwa kuni. Mito ya memsabu sijui iko nchi gani, au imeliwa na nondo. Baba mkubwa alikufa ameheshimika. Wanawe, walioko miji mingine, waliuza kibanja cha ukoo kwa mtu wa mbali, jambo ambalo zamani lingewatia aibu wasiweze kukanyaga Buganguzi.

Nilikwenda mwaka juzi. Nyumba imebomolewa, migomba ni ya aina nyingine. Mwenye kibanja wa sasa ni mtu mpole, alinikaribisha kahawa. Nilipomwomba nisimame kidogo mahali fulani, kati ya mibuni na njia ya kwenda kuteka maji, alishangaa. Aliponunua hakuambiwa kwamba pana kaburi. Aliniuliza ni la nani. Nikamtajia jina la bibi. Akalirudia polepole ili asilikosee, akaniomba radhi, kisha akamfungua mbuzi aliyekuwa amefungwa pale na kumsogeza mbali kidogo.