Baba Alivyoungama Ulevi Asioujua

Baba alinukia sabuni ya kipande na vitunguu. Alikuwa na kibanda cha mboga pale Kiganjo, Thika, nami nilikuwa mtoto wake wa pekee, Wambui. Pombe haikuwahi kugusa mdomo wake. Lakini nilipokuwa darasa la tano, miguu ilianza kumgomea. Alitembea ameitanua, akiyumba huku na huku, na ulimi ukawa mzito hata wateja wakamwuliza bei mara tatu. Kiganjo haikuhitaji ushahidi zaidi. Lisemwalo lipo, walisema, na waliosema hivyo ndio waliosimama mbali wasiweze kumnusa. "Baba Wambui ameanza chang'aa," walinong'ona, kisha wakaacha hata kunong'ona.

Kanisani walimfungia Meza ya Bwana. Kwa desturi yetu, mtoto wa aliyefungiwa habatizwi mpaka mzazi asimame mbele ya waumini na kuungama. Wenzangu walikuwa wamekwisha kushonewa nguo nyeupe. Mzee wa kanisa alikuja kwetu, akanywa chai, akasema kwa upole, "Baba Wambui, kubali tu. Ukikubali, hii maneno inaisha." Baba alijibu polepole kwamba hajawahi kunywa. Nililia siku mbili. Nikamwambia, "Baba, si useme tu? Mimi pekee ndio nitabaki." Jumapili alisimama, akashikilia kiti cha mbele asianguke, akaungama. Watu walipiga makofi. Nilibatizwa wiki iliyofuata, na nilifurahi, Mungu anisamehe.

Miaka ilipita kabla ya daktari mmoja wa Ruiru kumwambia aguse pua yake kwa kidole, kisha kidole cha daktari, kisha atembee kwa kuunganisha kisigino na vidole vya mguu. Alishindwa yote. Pombe humtoka mtu akilala, daktari alisema. Huu ni ugonjwa wa sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo, na hautoki. Nilipeleka barua ya daktari kanisani ili jina la Baba lisafishwe. Mzee yuleyule aliisoma, akanirudishia. "Lakini si aliungama mwenyewe?" Maji yakimwagika hayazoleki. Siku hizi kila mtu Kiganjo ana simu inayoweza kumweleza ugonjwa huo kwa dakika moja, na mtu akiyumba barabarani, simu hizo hutolewa kumpiga picha. Nawachukia kwa hilo. Ila wao walisema tu kwamba Baba ni mlevi. Aliyemfanya aseme mwenyewe ni mimi.