Kisigino Kilichogoma Kutua

Jumanne iliyopita nilimsindikiza jirani yangu wa Adelphi, mama kutoka Bukavu, hadi kliniki moja ya College Park ili nimtafsirie. Aliteleza kwenye barafu, kano ya kisigino cha kushoto ikakakamaa, na kwa wiki kadhaa wamekuwa wakimtibu kwa mashine ya sumaku.

Mtaalamu aliukunja mguu huo, akapima, akatabasamu. "Kano inanyumbuka kama ya mtu mwenye afya. Tumemaliza."

Nikatafsiri. Mama akakunja uso. "Mwalimu, umuambie hii mguu haiyapona. Nitamuvalisha muzee wangu viatu namna gani?" Kazi yake ni kumhudumia mzee mmoja wa Riverdale.

"Lakini vipimo ni vizuri," mtaalamu akasema kwa upole.

Mama alishuka kitandani, akachutama peku katikati ya chumba. Kisigino cha kulia kikatua sakafuni. Cha kushoto kikabaki juu. Akakinyooshea kidole. "Aone! Sasa na yeye achutame."

Mtaalamu akajaribu. Visigino vyake vyote viwili vilibaki hewani, kisha akaanguka chali, kalamu mkononi. Tulicheka wote watatu. Alipoinuka akaupima na mguu wa kulia, akaona unakunjika kuliko wa kushoto kwa mbali, akatikisa kichwa, akaandika wiki nne zaidi za sumaku.

Nami darasani nimewapima watoto wangapi kwa mguu wa mtu mwingine, si wao wenyewe?

Mlangoni mama alinishika mkono, akamtazama mtaalamu, akanong'ona kwa huruma, "Na yule, nani atamutibu?"