Walisoma kwa Nani

Kwetu Mtendeni, mtaa wa Tabora mjini, mwalimu mgeni hakabidhiwi chuo cha Kurani kabla hajaulizwa amesoma kwa nani. Enzi za Ujamaa, mgeni kutoka China alipokuja Tabora kutueleza chama chao kilivyoanza, nami nilimuuliza hivyo hivyo. Nyumbani nilikuwa na kijitabu chao cha zamani, kikiwashukuru Warusi waliokwenda kuwafundisha kuunda chama. Sasa Warusi na Wachina walikuwa hawasalimiani.

Mgeni na mkalimani wake walinong'onezana weee, kisha nikajibiwa, "Tulijifunza wenyewe."

Uongo wa mchana kweupe. Nilirudi nyumbani, nikafungua sanduku la safari la mwanangu aliyepata nafasi ya kwenda kusoma China, nikatoa nguo zake moja moja.