Vifuniko kumi na moja kwenye ukuta wa baa yangu: nimeonja bia za dunia nzima bila kutoka Kindu, na bado nina hasira

Wakuu, pokeeni salamu kutoka mji wa Kindu, Maniema, mtaa wa Kasuku.

Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, si jirani, wala si "kuna rafiki yangu mmoja". Nikiongeza hata tone, bia igeuke maji mdomoni mwangu.

Kiswahili changu ni cha Maniema, mutanivumilia. Na mukiona nimeandika kwa herufi kubwa, mujue hapo njo, kwenu munasema ndipo, hasira imepanda.

Kwanza mujue munaongea na nani.

Shule mimi niliacha darasa la tatu. Leo niko na baa, niko na depo ya vinywaji, niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, bati mpya, na pikipiki tatu za teksi. Hakuna muntu aliyenishika mkono. Nilianza na baiskeli, natoka hapa na chumvi na sabuni nasukuma mpaka Pangi kwa wachimbaji, siku nyingi mu pori, wakati wenye diploma walikuwa wamejificha chini ya vitanda.

Kwa hiyo nikisema kitu kuhusu bia, nasema kama muntu wa kazi.

Sasa turudi wakati wa vita.

Wazee wa hapa wanakumbuka. Kindu ilikuwa kama chupa iliyofungwa. Treni hakuna. Boti mtoni hakuna. Barabara ni kwa mwenye kutafuta kifo. Kilichoingia kiliingia kwa ndege, na bia haikuwa ya kwanza kupakiwa. Pombe ya nyumbani ilikuwako, ndiyo. Lakini bia ya chupa, yenye kifuniko, ukiiona unaweza kulia.

Nilikuwa na rafiki, Pascal, muntu wa Kibombo. Tulilala chumba kimoja miaka mitatu. Yeye alikuwa anabeba mizigo uwanja wa ndege. Wapiloti walikuwa wazungu wa kila aina, na karibu na uwanja walikuwa na nyumba yao, na kila mmoja alikuja na bia ya kwao.

Siku moja Pascal akarudi na chupa moja chini ya koti.

Ilikuwa ile wiki tuliyoletewa habari kwamba yaya yangu, kaka yangu mkubwa, amekufa huko machimboni. Nilikuwa sili, siongei. Pascal akaniambia, "Kunywa. Hii ni ya Ubelgiji. Mupishi wa wapiloti amenipa."

Akaifungua mbele ya macho yangu.

Hapa nisimame kidogo, kwa wale wa mbali. Kwetu chupa inafunguliwa mbele ya mwenye kunywa. Hata kwa shemeji yako. Ukiletewa chupa imefunguliwa tayari, unaiacha mezani, unaaga vizuri, unaenda. Sumu haina undugu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya baa, na mimi sijawahi kuivunja.

Pascal alifungua kwa meno. Wakati ule wanaume walifungua kwa meno, ilikuwa sifa. Tss! Povu likapanda. Nikanywa.

Wakuu, sijui niwaambie nini. Ilikuwa tamu kwa mbali, halafu uchungu kidogo, halafu kama harufu ya moshi. Nilifunga macho nikasema, kumbe kuna watu wanaishi hivi!

Nikamwambia, "Leta ingine."

Akaleta. Ikaja Ujerumani. Ikaja Holanda. Ikaja Urusi, hiyo iliteremka kama moto. Ireland, nyeusi. Afrika Kusini. Mpaka ya Wachina. Inchi kumi na moja za dunia, katika miaka ile mibaya, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Kindu. Kila chupa nilimpa mche wa sabuni, na sabuni wakati ule ilikuwa sabuni.

Chupa tupu alizichukua, eti wapiloti wanazihesabu. Mimi nilibaki na kifuniko. Kila kifuniko nilikitia mu kopo la maziwa.

Vita ilipokwisha nikajenga baa, nikapigilia vile vifuniko kumi na moja ukutani, nyuma ya kaunta, kwa misumari midogo. Juu yake nikaandika kwa rangi nyekundu: HAPA NJO DUNIA. Wateja walikuja kuviangalia. Mkubwa wa ofisi fulani alipiga navyo picha. Nikawa muntu wa kuulizwa.

Miaka ikapita, makopo ya bia za nje yakaanza kuingia Kindu. Nikaonja. Nikatema. FEKI. Nilimwambia kila mfanyabiashara, munauza maji yenye rangi. Wengine niliwafukuza barabarani kwangu. Mama mmoja alilia, nikamwambia alie akiwa mbali na depo yangu. Watu waliniamini, kwa sababu mimi nilikuwa nimekunywa zile zenyewe, zilizobebwa na wenye inchi yao.

Basi, mwaka huu akaja mfanyabiashara kutoka Goma, Papa Deo. Anatafuta muntu mmoja wa kushika depo ya bia za nje kwa Maniema nzima. Akatangaza atafanya siku ya kuonja, hoteli moja hapa Kasuku, saa tisa mchana.

Sikulala vizuri siku tatu kwa furaha. Nani mwingine Kindu? Nilishona suti.

Tulikuwa kama watu ishirini. Papa Deo alikuwa amepanga glasi tano nyuma ya kitambaa, tayari zimejazwa, tutaje ni za wapi. Nikasimama hapo hapo.

"Mukubwa, hapa Kindu hatunywi kitu kilichomiminwa nyuma ya pazia."

Watu wakapiga makofi. Papa Deo, sitamdhulumu, alikubali. Akatoa chupa tano mpya, akaweka mezani. Akaifungua ya kwanza kwa kifungulio mbele yangu, akaniwekea kifuniko mkononi.

"Ya Ubelgiji," akasema. "Karibu, Papa."

Nikaonja.

Haikuwa na moshi. Haikuwa na ule utamu wa mbali. Nikaweka glasi chini.

"Feki."

Akafungua Ujerumani. "Feki." Holanda. "Feki." Ya nne, ya tano, yote. Nikasimama, nikanyoosha kidole mbele ya watu wote, nikasema huyu muntu ni MWIZI, ametoka Goma kuja kutuuzia mikojo, mimi bia hizi nazijua tangu vita.

Ndipo Mama Beatrisi akaongea. Ni yule mama mwenye duka la vyakula karibu na soko, aliishi Ubelgiji miaka mingi akihudumia wazee. Alivuta glasi yangu, akanywa ile iliyobaki, akafuta mdomo.

"Papa," akaniambia taratibu, "hii njo yenyewe. Hii nilikuwa nakunywa kila Jumapili."

"Mama, Ubelgiji wamekudanganya."

"Inchi nzima?"

Watu walicheka, wakuu. Walinicheka na suti yangu.

Papa Deo hakucheka. Alisema, "Umeniita mwizi mbele ya watu. Niko hapa mpaka Jumamosi. Ukija kuliondoa hilo neno mbele ya hawa hawa, tutaongea habari ya depo. Usipokuja, basi."

Nikarudi baa yangu nikitoa moshi. Mke wangu, Mama Furaha, alikuwa kwenye kaunta. Nikamtupia kile kifuniko alichonipa Papa Deo, nikamwambia aone feki ya Goma inavyofanana.

Akakigeuza. Kilikuwa kimepinda katikati, mukunjo mumoja, pale kifungulio kilipokandamiza. Akaangalia ukuta. Akaangalia tena kifuniko.

"Baba Furaha," akasema, "Pascal alikuwa anafungua na nini?"

"Na meno. Unajua."

"Meno inainua pembeni. Hivi vyote ukutani vimepinda katikati. Pascal alikuwa na kifungulio mu kinywa?"

Nikasogea. Nikatoa kimoja. Nikatoa cha pili. Wakuu, vyote kumi na moja, mukunjo katikati. Vilikuwa vimeshafunguliwa na kifungulio KABLA ya kufika kwenye meno ya Pascal. Miaka zaidi ya ishirini vimekaa kwenye ukuta wangu mwenyewe, mbele ya macho yangu, na juu yake nimeandika kwa rangi nyekundu.

Sikungoja. Nilichukua pikipiki nikaenda Kibombo, njia ile ya kuvunja mgongo.

Pascal sasa analima mchele, ana mashine ya kukoboa, amekuwa na tumbo. Aliponiona alifurahi kama muntu aliyeona ndugu yake. Mimi nikafungua kiganja, nikamwonyesha vifuniko.

Akaviangalia. Halafu akaanza kucheka, akakaa chini kwenye gunia.

"Ulichukua muda, ndugu yangu."

"Pascal, ulikuwa unanipa nini?"

"Pombe ya mama. Ya mchele."

"UJERUMANI?"

"Mchele mtupu, nimechuja na kitambaa mara mbili. Ubelgiji nilitia mahindi ya kukaanga na asali. Holanda ni nanasi. Ireland ilinitesa, niliunguza mahindi mpaka yakawa makaa."

"Na Urusi?"

"Kijiko cha lutuku."

Lutuku, kwa msioijua, ni pombe kali ya kukenekwa kwetu, unaweza kuwasha nayo taa.

Chupa na vifuniko alikuwa anaokota nyuma ya nyumba ya wapiloti. Anajaza, anarudisha kifuniko, anagonga pembeni na jiwe. Pombe ilikuwa bado inachacha, ndiyo maana ilipiga povu. Na kama gesi ilikuwa ndogo, ile tss aliifanya yeye mwenyewe kwa ulimi.

Kwa ulimi, wakuu!

Nikamtukana. Nilisema yote niliyonayo. Nimemwita mwizi muntu wa Goma asiye na kosa. Nimefukuza watu waliokuwa wanauza bia halali, yule mama nilimliza bure. Sabuni yangu niliyoisukuma mu pori! Jina langu!

Pascal aliacha nimalize.

"Ile wiki ya yaya yako," akasema, "siku tatu hukuongea. Halafu ulisema neno moja tu. Ulisema, mimi nitakufa hapa sijaona hata inchi moja. Mimi nilikuwa na nini cha kukupa? Mama alikuwa ametuma bidoni, dumu zima la pombe. Ningekupa vile ilivyokuwa, ungeikataa. Nikaokota chupa."

"Ungeniambia baadaye."

"Ulisema leta ingine. Tena ulikuwa umeanza kula. Niache?"

Nikavirudisha vifuniko mfukoni, kimoja kimoja.

Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha plastiki. Hakuna chupa. Hakuna kifuniko. Kimemiminwa huko ndani nisikoona. Mimi, ninayewafundisha watu sheria ya baa.

Nikanywa.

Ujerumani. Niliijua kabla haijafika kooni. Machozi yalitoka, na hayo ni ya hasira, mtu asiniandikie hapa chini vingine.

Ijumaa nilirudi. Jumamosi nikavaa ile suti, nikaenda hotelini, nikasimama mbele ya wale wale. Nikasema Papa Deo si mwizi. Nikasema bia zake ni za kweli, mimi ndiye sikuzijua. Maneno hayo ni machache lakini kila moja lilinikwaruza likitoka. Papa Deo akanishika mkono, akasema yamekwisha.

Halafu depo akampa Mama Beatrisi. Eti yeye anajua ladha.

INANIUMA. Nimefanya biashara ya vinywaji tangu yeye hajapanda ndege, na sasa nikitaka kasha la bia ya nje nanunua kwake kama muteja. Yule mama niliyemliza nilimtafuta pia, anauza samaki siku hizi. Nilimwomba radhi. Alinijibu, "Nilikuwa na mtaji wakati ule," akaendelea kupanga samaki wake. Hiyo inaniuma kuliko depo.

Basi, nilichojifunza, na muchukue bure: kufunguliwa chupa mbele ya macho yako haitoshi. Omba kifuniko ukishike kabla, kikiwa bado juu ya chupa. Pitisha kidole. Kikiwa kimeshapinda, mahali fulani mtu mwingine alishakunywa hiyo safari yako ya dunia. Na usimwite muntu mwizi kwa sababu ulimi wako umezoea kitu kingine. Mimi ulimi wangu niliuamini miaka yote hii, kumbe ulikuwa umefundishwa na mama mmoja wa Kibombo.

Vifuniko nimevirudisha ukutani. Mama Furaha alitaka nifute maandishi. Nimekataa, rangi ile niliinunua kwa pesa yangu.

Sasa nyinyi, hasa wale munaojisifu humu kila wiki na picha za bia za Ulaya: nani amewahi kufunguliwa chupa kwa meno? Semeni ukweli, uzi uko wazi. Na anayetaka kunicheka, anicheke kwa jina lake.

Pascal nimemwambia simsamehi. Alinifungia bidoni ya lita tano nyuma ya pikipiki, nami sikuishusha, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya na sikutaka kusimama. Iko hapa chini ya meza ninapoandika.

Hasira bado iko nzima. Bidoni imebaki nusu.