Kabla Kifuniko Hakijateremshwa

Targelia Naula alipiga magoti chini ya meza, akauchomoa waya wa mtandao, akaupuliza, akauchomeka tena. Nyuma ya kompyuta taa ndogo ya kijani iliwaka kama jicho la mtu asiye na hatia. Akainuka kutazama skrini. Maneno yalikuwa yale yale: ukurasa hauwezi kufunguka.

"Shangazi, bado sioni kitu," ilisema simu ya mezani, ambayo aliiacha wazi kando ya kibodi.

"Subiri, Abelardo. Subiri, mwanangu."

"Nasikia mnasali. Wameshamfunika?"

"Hawajamfunika. Nipo mimi."

Chumba cha pili, katika ukumbi wa jumuiya, Mama Asunta alikuwa amelala ndani ya jeneza lililo wazi, kofia yake nyeupe ya sufu kichwani. Sisi wa Pucarloma, kijiji cha milimani, huwaagia wafu wetu katika ukumbi ule kwa sababu ukuta wake umepakana na ofisi ya chama cha maji, na humo ndimo ilimo kompyuta pekee ya kijiji yenye mtandao. Waya mmoja hushuka kutoka antena ya paani hadi nyuma yake, basi. Simu za mkononi bondeni kwetu hazishiki chochote. Na nusu ya watoto wetu wako New York, wanaezeka mapaa ya watu na kuosha vyombo vya watu. Aliyevuka mpaka bila karatasi akitoka huko hawezi kuingia tena. Kwa hiyo huzika kwa macho.

Targelia ndiye aliyewafungulia macho hayo. Hakuzaa, mume wake alishuka pwani kwenye mashamba ya ndizi, akapotelea huko. Kazi yake ilikuwa kuandika zamu za maji ya kumwagilia. Siku ofisi ya mkoa iliponunua mashine mpya na kutupatia sisi ile kuukuu, alipelekwa mjini Azogues kwa mafunzo ya siku moja, akarudi akiwa fundi. Kila Jumapili Mama Asunta alikuja amechana nywele, akakaa mbele ya skrini kama anapigwa picha ya kitambulisho, akamuuliza mwanawe Abelardo amekula nini. Na juzi, pumzi zikiwa zimebaki chache, alimshika Targelia mkono akamwambia, "Anione. Usiniache nifunikwe kama chungu."

Targelia aliahidi. Mtu hutoa ahadi kama hiyo bila kuipima, kwa kuwa mbele ya mtu anayekufa hakuna mizani.

Mlango ukasukumwa. Aliingia Mama Rosenda, kiongozi wa wanawake wa maombolezo, shali jeusi limemfunika hadi kidevuni.

"Padri anatazama saa. Ana misa nyingine ng'ambo ya mto."

"Dakika chache, Mama Rosenda."

"Dakika zako nazijua, ni kama za fundi viatu. Maiti akikawishwa mlangoni hujitafutia mwenzake wa safari. Unataka amchukue nani? Mimi? Mimi bado nina nguruwe wa kunenepesha."

"Basi asije akakuchukua na nguruwe wako. Niache nifanye kazi."

"Fanya. Lakini Padri akivaa kofia yake, mimi naleta misumari."

Targelia aliizima kompyuta, akaiwasha. Ilinguruma, ikakohoa, ikachukua muda wake kama mzee anayetafuta fimbo. Akajaribu tena. Ukurasa hauwezi kufunguka. Akatoa waya wa akiba kwenye droo, akabadilisha. Hauwezi kufunguka. Kila sala iliyofika mwisho upande wa pili wa ukuta ilimwingia mgongoni kama maji baridi, maana alijua ngapi zimebaki.

Basi ni antena. Alijifunga sketi zake kiunoni, akapanda ngazi hadi paani katika manyunyu. Antena ilikuwa imekazwa, imeelekea mlimani kunakotoka mtandao, haijasogea hata upana wa ukucha. Aliishika kwa mikono miwili, akaegemeza paji la uso kwenye chuma kile chenye unyevu. Chini aliona uani wanaume wamesimama na kofia mikononi, sufuria ya mahindi inatoa mvuke, na Padri, akitazama mawingu. Akafikiri: nimemdanganya marehemu. Hakuna wa kumwomba radhi tena.

Aliposhuka, aliinamia simu.

"Abelardo?"

"Nipo." Sauti ilikuwa imebadilika. "Bosi ananiita nirudi juu ya paa. Nimemwambia anifukuze akitaka. Shangazi, niambie ukweli. Haiwezekani?"

Kwa woga tu, ili ajue muda gani umebaki, alitupa jicho kwenye kona ya skrini penye saa.

Saa ilisema ni usiku wa manane. Tarehe ya kwanza Januari, mwaka elfu mbili na tisa.

Alikaa kitini polepole. Hilo alilijua. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa zamani, na umeme ukikatika mashine husahau tarehe; na kompyuta isiyojua leo ni lini, mtandao huikatalia mlango kama mgeni mwenye kitambulisho cha uongo. Kila baada ya giza yeye huanza na saa. Lakini jana umeme haukukatika!

"Mama Rosenda!" alipaza sauti. "Nani amegusa plagi ya kompyuta?"

Rosenda alichungulia, nyundo mkononi. "Mimi. Jana jioni. Nyumba yenye maiti haiimbi. Nilichomoa redio, nikachomoa na hiyo inayonguruma. Alfajiri nikarudisha kama nilivyokuta. Kuna dhambi?"

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kumi na tano," alisema mwanamume mmoja nyuma yake.

"Wewe jana ulikuwa umelewa, utajuaje?"

"Padri!" Targelia karibu alie. "Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tano, binti. Jumanne."

Vidole vyake vilikosea mwaka mara ya kwanza. Alipokuwa akiurekebisha alijisikia anafanya jambo baya. Ndani ya mashine ile ulikuwa bado mwaka ambao Abelardo alichunga kondoo kilimani na mama yake akimwita kwa mluzi wa vidole. Mwaka kwa mwaka alimsogeza mama yule hadi leo. Kisha akabonyeza.

Ukurasa ukafunguka.

Uso wa Abelardo ulijaza skrini, una vumbi, kofia ya kazi bado kichwani. Waya wa kamera ulikuwa mfupi, wanaume wanne wakalibeba jeneza kulileta ofisini huku Rosenda akiwagombeza, "Miguu mbele! Mnataka arudi kulala?" Wakaliegemeza juu ya meza. Padri aliacha kutazama saa.

Abelardo alivua kofia. Alitazama kwa muda mrefu hata tukadhani picha imekwama.

"Kofia yake mmeivuta sana mbele," alisema mwishowe. "Yeye aliivaa nyuma kidogo."

Rosenda aliweka nyundo chini, akairudisha kofia nyuma, taratibu, kwa ncha za vidole. "Hivi?"

"Hivyo."

Ndipo kifuniko kikateremshwa.

Waombolezaji walipanda njia ya makaburini na jeneza, kengele ikilia nyuma yao. Targelia alichukua shali lake afuate, akafika mlangoni, akageuka. Kwenye skrini Abelardo alikuwa bado ameketi, anatazama meza tupu. Pale alipokuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia pole.

Targelia alikwenda uani, akajaza bakuli la mahindi ya kuchemsha, akarudi kuketi mbele ya kamera.

"Shangazi, hukwenda kuzika?"

"Mfiwa haachwi peke yake. Una chochote cha kula hapo?"

Abelardo akapapasa mfukoni, akatoa kipande cha mkate.

"Kula," alisema Targelia. "Nami nakula."