Mdogo wangu aliitwa timu ya taifa akitokea ligi ya ndani: yaliyomkuta kule na yaliyomkuta aliporudi

Wakuu, salaam kwenu. Wakubwa zangu mliomo humu, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji kuliko mchangiaji. Kazi yangu ni kuchomelea mageti na madirisha hapa Ngarenaro, Arusha, na nikishika simu ni kusoma mambo ya mpira tu, tena mara nyingi nasoma huku nasonya.

Leo naandika mwenyewe. Sitatia chumvi, na sitampaka mtu mafuta hata kama ni damu yangu. Jina la dogo nimelibadilisha, nitamwita Anaeli. Klabu yake siitaji. Ni moja ya zile ambazo mkishazifunga mnasahau kama mlicheza nazo.

Twende taratibu.

Sisi ni Wameru, kwetu ni mlimani, juu ya Tengeru, kwenye kahawa na migomba. Kiwanja tulichokulia kiko nyuma ya shule ya msingi na kimeinama. Sio kimeinama kidogo. Goli la chini limepakana na korongo, na mpira ukikupita umeshaenda. Sheria yetu ilikuwa kwamba aliyepitwa ndiye anaufuata, na kule chini kumejaa upupu.

Kwa hiyo mtoto wa pale anajifunza kitu kimoja kabla ya vingine vyote. Mpira ukikufikia, ukanyage. Usipige kwanza. Kanyaga, simama, ndipo uangalie unampa nani.

Anaeli alikanyaga kuliko wote. Mpira uje juu, uje unadunda, uje umegonga jiwe, akiweka soli unakufa hapo hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa beki mzuri tu, lakini nimeshuka korongoni mara nyingi kuliko yeye.

Hicho ndicho kilichompeleka ligi kuu.

Mnaoangalia ligi kwenye TV hamuoni vizuri baadhi ya viwanja vyetu vilivyo. Uwanja wa nyumbani wa klabu yake ukiwa mbali ni kijani, ukisogea ni matuta na mashimo. Pasi ya chini inaweza kukufikia kifuani. Kiungo wa chini anayeweza kutuliza mpira mahali kama pale ni mtu wa kugombaniwa. Kocha wao alikuwa na neno moja tu mechi nzima, "Tuliza! Tuliza kwanza!" Mashabiki wakampa dogo jina la Breki.

Msimu ule alicheza kweli. Watangazaji wakaanza kumsema redioni. Humu nako mabishano yakawaka, kwa nini tunawaita mapro wa nje tu wakati nyumbani kuna watu. Mimi, msomaji wa kudumu, siku hizo nilichangia mpaka vidole vikauma. Wakimpinga dogo nawajibu, wakinyamaza nawachokoza.

Basi akaitwa.

Jumapili kabla hajaondoka mchungaji alimwita mbele ya usharika, wazee wa kanisa wakamwekea mikono. Bimkubwa alilia. Mzee hakulia, lakini siku hiyo aliongea na kila mtu pale nje, hata wale ambao huwa wanapitana tu.

Wachezaji wenzake wa klabu wakamsindikiza stendi. Mmoja akamwambia, "Breki, ukiharibu wewe, huku kwetu haitwi mtu tena." Wakacheka wote. Ulikuwa utani, lakini dogo hakuuacha stendi.

Hata wiki haijaisha, akanipigia. Nilitegemea anisimulie hoteli na msosi. Akaniuliza kama niko peke yangu. Nikatoka nje ya gereji.

"Kaka, kiwanja cha huku ni kama meza," akasema. "Mpira unakuja umelala. Mimi nakanyaga, nikiinua kichwa watu wameshanizunguka. Kocha anapiga kelele moja, moja, moja, yaani mguso mmoja tu. Mguu unakataa."

Nikamwambia utazoea.

Hapa niseme kitu, maana najua mtauliza. Mapro hawakumringia. Yule anayecheza Ulaya, tena ndiye mwenye namba yake, alikuwa anabaki naye baada ya mazoezi, anamwambia dogo, huku mpira hauruki, uachie tu uende. Anaeli anaelewa vizuri kabisa. Kwenye mazoezi ya wawili anaweza. Wakirudi kwenye mechi ya mazoezi, mguu unapanda wenyewe juu ya mpira.

Nikamuuliza, sasa kwa nini usimwambie kocha ukweli, akupe muda?

Akanijibu.

"Nikisema siwezi, watasema wa ligi ya ndani hatuwezi. Si unawajua?"

Niliwajua. Ni nyinyi wakuu, na mimi nikiwemo.

Mechi ilikuwa ya kufuzu, tunacheza nyumbani, jioni. Sare ilitutosha.

Mzee alishuka kutoka mlimani amevaa koti lake la kanisani. TV yangu aliikataa, akasema anataka kuangalia na watu. Nikampeleka kibanda umiza kimoja jirani na gereji, wanapoonyesha mechi kwa kiingilio. Vijana wakamwamkia kwa adabu, wakampisha benchi la mbele. Hawakujua ni baba wa nani. Nilitaka kuwaambia, mzee akanikonyeza ninyamaze. Nilimwelewa. Alitaka dogo aingie kwanza, watu wamsifu, ndipo aseme huyo ni wangu.

Kipindi cha pili yule pro akashika nyuma ya paja, akakaa chini. Kamera ikamwonyesha Anaeli anavua koti la mazoezi.

"Nani huyo?"

"Chalii wa Arachuga huyo! Wa kwetu hapa Arusha!"

Kibanda kikapiga makofi. Mzee akajiweka sawa kwenye benchi, akafunga vifungo vya koti.

Mwanzoni hakuharibu kitu, lakini mimi nilimuona. Alikuwa anajificha. Mtu anayemjua angeona kwamba haombi mpira, anasimama nyuma ya wapinzani makusudi ili asipewe. Katika maisha yangu sijawahi kumuona dogo akiukimbia mpira.

Mechi inaelekea mwisho, bado sare, beki wetu akampa pasi fupi mbele ya eneo letu la hatari. Pasi nzuri, imelala chini. Winga wa kulia yuko peke yake anaomba. Ilikuwa ni kuugusa tu.

Anaeli akaukanyaga.

Akasimama. Akainua kichwa kuangalia ampe nani.

Mshambuliaji wao akatokea nyuma, akauchomoa chini ya soli, goli.

Wakuu, nimeunguzwa na vyuma miaka mingi. Siku ile niliumia zaidi.

Kibanda kililipuka. Nani kamuita huyu? Akacheze ndondo za mtaani. Hii ndiyo ligi yetu tunayoisifia. Arudi kwao akafukuze kuku. Yule yule aliyesema chalii wa kwetu sasa alikuwa anauliza ni nani alimhonga kocha.

Kijana mmoja aliyekuwa amempisha mzee benchi akainama, kwa heshima zote, akamwambia, "Mzee, unisamehe, lakini huyu ni galasa."

Mzee akamjibu, "Naona, mwanangu."

Nikamshika mkono, nikamwambia baba, twende. Akasema mechi haijaisha. Akakaa palepale mpaka filimbi ya mwisho, akawashukuru wale vijana kwa benchi, tukatoka. Tulipofika kwangu akaniuliza kama kule kambini watampa mtoto chakula.

Yaliyoandikwa humu baada ya mechi ile siyarudii. Mnayajua, mengine mliyaandika nyinyi. Kuna mtu alitengeneza picha ya dogo amekanyaga mpira, chini yake ameandika "parking". Ikasambaa mpaka kwenye group la wateja wangu wa mageti.

Aliporudi Arusha nilidhani atajificha kwa bimkubwa. Hapana. Alikuja gereji asubuhi, akasogeza mageti yaliyokamilika, akaanza kupiga mpira ukutani. Sakafu yangu ni ya zege, laini. Ukuta unaurudisha mpira umelala, yeye anauachia kwa mguso mmoja. Unarudi, anauachia. Kila asubuhi hivyo, mpaka nawasha mashine ndio anaondoka kwenda mazoezini kwao.

Siku za kwanza mguu ulikuwa unapanda tu. Anajitukana, anarudia. Baadaye ukaanza kukubali. Mwishowe, aisee, ilikuwa raha kumtazama. Fundi mwenzangu, ambaye mpira hata haupendi, alikuwa anaacha kazi anaangalia.

Nikajiambia, wakimuita tena watamkuta mtu mwingine. Nilifurahi peke yangu, sikumwambia mtu.

Halafu ligi ikarudi.

Nilikuwepo uwanjani, mechi yao ya kwanza nyumbani. Mvua zilikuwa zimekatika, kiwanja kimekauka na matuta yake. Pasi ya kwanza kumfikia Anaeli akaiachia kwa mguso mmoja, kama ukutani kwangu. Mpira ukagonga tuta, ukamruka mguu, ukaenda kwa wapinzani. Ya pili hivyo hivyo. Kocha wake mstarini, "Tuliza! Tuliza kwanza!"

Akajaribu kukanyaga kama zamani. Ikawa amechelewa. Niliuona ule mguu, wakuu. Unanyanyuka, unasita hewani, haujui ushuke au uache. Mpira ukampita chini.

Jukwaani wakaanza. Amelewa kambi huyu. Anajiona wa Ulaya. Breki zimekatika. Akatolewa hata mapumziko hayajafika, na wale waliokuwa wanaimba jina lake msimu uliopita wakampigia makofi ya kejeli.

Kocha wake simlaumu. Ana timu ya kuiokoa isishuke daraja, na kiwanja chake anakijua. Alimpa nafasi nyingine, na nyingine. Baadaye ikawa benchi, kisha hata benchi hakukaa, na msimu ulipoisha klabu ikamuaga.

Nilimwambia arudi gerejini tufanye mazoezi. Akaniuliza mazoezi ya yapi, ya zege au ya matuta. Akapanda mlimani kwa wazee, hadi leo yuko huko.

Sasa, juzi hapa kikosi kimetangazwa, na humu ukaanzishwa uzi kwamba wachezaji wa ligi ya ndani wasiitwe kabisa, wanatia taifa aibu. Mwanzisha uzi akamtaja dogo kwa jina lake kamili kuwa ndiye mfano.

Nilipandwa na hasira mpaka nikazima mashine. Nikaandika jibu refu, la kumvua nguo yule jamaa. Nikasema kabla sijalituma nipande kwanza nyumbani nikamsomee Anaeli, apate moyo, ajue kuna mtu anamtetea.

Nilimkuta na mzee wanapogoa kahawa. Nikamsomea uzi, nikamsomea na jibu langu, kwa sauti, nikiwa nimesimama katikati ya migomba kama mwinjilisti. Yeye hakuacha kukata.

Nilipomaliza akasema, "Ule uzi nimeuona. Nimeugongea like."

Nikadhani ananitania. Nikamuuliza like ya nini, mtu amekutukana mbele ya nchi nzima.

"Kaka, ningekuwa mimi ndiye kocha, nisingejiita."

Hakusema kwa hasira, na hakuwa anatafuta kubembelezwa. Alisema kama mtu anayekuambia mvua haitanyesha leo. Mzee alikuwa mti wa pili kutoka pale. Najua alisikia, kwa sababu msumeno wake ulisimama. Nikasubiri amwambie mwanawe kitu chochote. Kisha nikausikia msumeno unaendelea.

Lile jibu nililifuta nikiwa njiani kurudi mjini.

Nilichojifunza hakinifurahishi, lakini nimewaahidi ukweli. Miaka yote nimebishana kwamba wachezaji wa ndani wanastahili kuitwa, na bado nasema dogo alistahili. Alikuwa bora kwenye mpira tuliomfundisha na kwenye viwanja tulivyompa. Na kule hakuweza. Mliomkataa mlikuwa sahihi na mimi niliyemtetea nilikuwa sahihi, na katika wote hakuna hata mmoja aliyemsaidia. Mtu tumemfundisha kukanyaga mpira tangu utoto, tukampa siku chache za kambi aache, aliposhindwa tukamchekea, na alipofanikiwa kuacha tukamrudisha kwenye matuta. Ukiniuliza leo kama waitwe au wasiitwe, nitakuambia sijui, na zamani nilikuwa najua sana.

Uwanja ni wenu. Mwenye hoja ailete, mwenye aliyecheza ligi kwenye familia yake naye atuambie yaliyompata. Wenye matusi siwezi kuwazuia.

Ila mjue na yeye yumo humu, kwa ID ambayo siitaji. Anasoma kila comment. Hatabishana na mtu. Ukiandika kwamba hafai, atakugongea like.